Fundi Aliyeipa Skrini Mgongo

Baba Rukia,

Hali yako sikuulizi. Anaijua Yule aliyekuchukua, na kazi yangu mimi ni kukuombea. Yangu ndiyo nataka kukueleza, maana tangu uondoke sijapata mtu wa kuniuliza akangoja jibu. Wanawake huingia, wakasema, "U mzima?", kisha wakanijibia wenyewe, "Alhamdulillahi," wakanywa chai, wakaenda zao.

Nimo ndani. Nakaa eda yako katika nyumba yetu hii ya Junda, na mlango wa mbele ndio mwisho wa dunia yangu. Zamani nilikuwa nikienda kuwatazama wajane wenzangu, nawapelekea kaimati, nakaa nao kidogo, kisha navaa buibui langu narudi kwangu bila kuwaza. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa nyumbani kwake mwenyewe akahisi amefungiwa. Asubuhi namsikia muuza mbaazi akipita. Jioni bodaboda ikipunguza mwendo hapo nje mimi hunyanyuka nusu, halafu nakumbuka kwamba si wewe, nakaa tena.

Mamako alikuja kutoka Bofu siku ya mazishi na hajarudi kwake. Amenishika kwa upendo, lakini amenishika. Nikisogelea dirisha husikia sauti nyuma yangu, "Wataka n'ni huko?" Nikisema nataka upepo, ananiletea kipepeo cha mkono. Siwezi kumlaumu, kwa kuwa wewe ulikuwa mwanawe kabla hujawa mume wangu, na kunichunga mimi ndiyo kazi pekee iliyombakia ya kukufanyia. Rukia bado mchanga, hajui lolote. Tunakulilia wawili katika nyumba moja, kila mtu kwa zamu yake, asimlize mwenzake.

Basi sikiliza habari ya kompyuta.

Unamkumbuka Zuhura, binti wa Bi Maimuna. Harusi yake ndiyo ya mwisho niliyoipiga video kabla hujafa. Bwana harusi ulimwona, bibi harusi hukumwona, wala hukutakiwa umwone. Usiku ule wa kupamba walikuwa wanawake watupu ukumbini, wamevua mabuibui, nywele ziko wazi, mabibi wazima wanacheza chakacha na leso kiunoni. Wanavua mbele ya kamera yangu kwa sababu wanajua mwanamume hatakuja kuwaona. Hiyo ndiyo kazi yangu yote. Kupiga picha kunajulikana na wengi, lakini kuaminiwa hivyo ni wachache hapa Kisauni wanaokupata.

Na wewe uliijua kuliko mimi. Kompyuta uliiunda kwa mikono yako, kipande hiki kutoka kwa huyu na kile kutoka kwa yule, ukaniwekea mezani chumba cha mbele. Ikiharibika ulikuwa ukija na kiti, ukakigeuza, ukaketi uso ukutani na mgongo kwenye skrini, kofia yako kichwani. Kisha unauliza, "Waona n'ni?" Mimi nasema naona imekasirika. Unasema, "Sikukuuliza wadhani n'ni. Nambia unachokiona." Basi nakusomea maneno yaliyoandikwa, moja moja, na wewe unaniambia nibonye wapi. Siku moja ulikohoa ukauliza kwa sauti ya mnyenyekevu kama bibi harusi huyo ni mzuri. Nikakwambia geuka utazame, nikutoboe macho, kisha utafute mke mwingine wa kukuongoza njia. Ulicheka mpaka ukashindwa kuendelea na kazi.

Wateja wangu niliwahadithia. Walicheka pia, lakini baada ya hapo waliniletea binti zao kwa wingi.

Sasa, Bi Maimuna alituma ujumbe kwamba Zuhura amepata viza, anamfuata mumewe Maskati, na angependa kwenda na video yake. Anaondoka kwao hajui atarudi lini, anataka sauti za dada zake awe nazo huko. Nikasema hilo dogo. Eda haikatazi mtu kufanya kazi akiwa ndani kwake. Niliketi mezani kwa mara ya kwanza tangu ufe, nikaiwasha. Ikawaka vizuri. Lakini pale zinapokaa harusi hapakuwa na kitu. Si Zuhura peke yake. Mabibi harusi wote niliowahi kuwapiga hawakuwepo, na programu ikaniuliza kwa upole eti faili zangu nimeziweka wapi.

Nilizima, nikawasha. Nikasoma Bismillahi, nikawasha tena. Hazikurudi.

Hapo ndipo nilipoona nimebanwa kila upande. Mimi mwenyewe siwezi kutoka. Fundi mwanamume hawezi kuingia, mamako alisema hata kabla sijauliza, "Mwanamume hapiti mlango huu mpaka eda ishe." Fundi mwanamke sikumjua hata mmoja. Omari ndugu yako alikuja uani akajitolea: "Nipe shemeji, naipeleka mjini, jioni utaipata." Nikakataa. Akashangaa, kisha akanuna, akaenda zake. Kuna njia nyingine, fundi akaingia kwenye kompyuta yako kwa mtandao akiwa kwake, akaona kila unachokiona wewe. Kila ninachokiona mimi, Baba Rukia. Njia hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Kilichobaki ni maneno. Nikachukua simu yako, ambayo nilikuwa bado naichaji kila siku sijui kwa nini, nikafungua lile grupu lenu la mafundi. Nikaandika: "Assalamu alaikum ndugu zangu. Kompyuta yangu imeficha kazi zote. Naomba msaada." Nikatuma.

Sikufikiria kabisa. Nambari ni yako, jina ni lako, na picha ni ile uliyopiga Idi, umetabasamu na kofia imepinda. Kisha mmoja akaandika, "Innalillahi." Mwingine akauliza ni nani aliyeshika simu ya marehemu. Mmoja alitoka grupu kabisa, mpaka leo hajarudi. Mimi nilicheka, wallahi nilicheka kwa sauti mpaka mamako akaja mbio akidhani nimepatwa na wazimu, na alipofika alinikuta nalia.

Niliwaandikia mimi ni nani. Wakanipa pole, tena na tena, lakini wengi hawakujua waseme nini na mjane. Aliyebaki ni mmoja, Mutua wa Changamwe, yule mwenye karakana uliyekuwa ukimpelekea vitu vya kuchomelea. Alisema atakuja mwenyewe na mkewe. Nikamweleza eda ni nini. Akatuma ujumbe wa sauti: "Sawa mama Rukia, nimeelewa. Basi siji. Wewe nielezee tu hiyo mashine vile iko. Kila kitu. Usiruke hata kama unaona ni kitu kidogo."

Mamako hakupenda mambo ya sauti ya mwanamume ndani ya nyumba ya eda. Tukapatana hivi: mimi nitaandika tu, sitasema, na ujumbe wake tutausikiliza wote wawili. Siku ya kwanza alisikiliza amekunja uso. Siku zilizofuata akawa ananiuliza mwenyewe, "Yule wa bara hajanena leo?" Akasema ana adabu, ahofia Mungu, hakuuliza hata mara moja ila habari ya kompyuta.

Na kompyuta yenyewe nilimwelezaje? Uchi wa ujinga wangu ulionekana hapo. Nilimwandikia ni nyeusi, ina taa ya buluu, imekaa mezani upande wa dirisha. Akanishukuru kwa taa ya buluu. Akauliza bodi ya ndani ni ya aina gani, memori kiasi gani, diski ngapi, programu kubwa inayoendesha mashine ni toleo gani, na nini kilibadilishwa kabla tatizo halijaanza. Nikaona miaka yote hiyo nimekaa mbele ya kitu nisichokijua. Nilichokijua ni sauti yako nyuma yangu ikisema "ile ya juu" na "ile ya pembeni." Lakini moja nililijua kwa hakika, kwa kuwa ulilisema mara nyingi: diski ni mbili, ndogo ya kuwashia na kubwa ya harusi. Nikamwandikia hivyo bila shaka yoyote. Na kuhusu kilichobadilishwa, nikamjibu hakuna.

Mutua akafuata maneno yangu. Aliniambia fungua hapa, bonyeza pale, soma kinachosema. Nikasoma. Akaniambia niandike hiki, nikaandika. Siku zikapita tunazunguka. Diski kubwa haionekani, na yeye ananitafutia dawa ya diski iliyougua, kwa kuwa mimi nimemwambia ipo.

Katikati ya hayo akaja Bi Maimuna. Nilimjua kwa jinsi alivyoketi kwamba hakuja kunipa pole. Chai hakuigusa. Akasema, "Mwanangu, nasikia mashine imetolewa nde."

Nikamwambia, "Wallahi haijatoka, mamangu. Iko mezani, itazame."

"Nasikia yuko mwanamume yuwaitengeneza. Shemejiyo mwenyewe asema ulimkatalia, maana una fundi wako." Alisema polepole, si kwa hasira. Ingekuwa heri angekasirika. "Zuhura ni mke wa mtu sasa. Picha ile ikipita simu moja tu, mumewe ataiona akiwa Maskati kabla mke hajafika. Mimi nilikuamini wewe. Na mumeo, Mungu amrehemu, nilimwamini."

Kumwapia kwamba picha ziko salama singeweza, maana sikujua ziko wapi. Alisimama akavaa viatu. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikasimama. Yeye akavuka, akaenda, na mimi nina maneno mengi kinywani na siwezi kuweka mguu nje kumfuata. Nakwambia kweli, siku ile niliichukia eda. Na wewe nilikuchukia kidogo kwa kufa. Nisamehe au usinisamehe, lakini nakueleza lilivyokuwa.

Nilirudi kwenye simu nikamwandikia Mutua kwamba nimeharibikiwa. Akauliza swali moja tu: "Mama Rukia, hiyo mashine unanielezea vile unaiona ama vile unaikumbuka?"

Nikaona haya nikiwa peke yangu. Nikachukua bisibisi yako, nikalaza kompyuta ubavu, nikafungua skrubu za kifuniko. Vumbi lilikuwa jingi. Nikatazama kwa macho yangu, bila kudhani. Diski ilikuwa moja, ile ndogo. Mahali pa kubwa palikuwa patupu, na waya wake umekunjwa vizuri ukafungwa kwa uzi.

Baba Rukia, chumba kile ndicho walichokaa wanaume siku za matanga. Walikula mle, walilala mle. Omari alikaa karibu na meza ile mpaka mwisho. Nilimfikiria Omari, na nilifikiria sababu iliyomfanya ang'ang'anie kuipeleka mjini, na nikaona nyuso za mabibi harusi wangu zinapita simu hadi simu. Nilikaa sakafuni. Omari hajui nilichomdhania, na wewe usimwambie.

Nikamwandikia Mutua nilichokiona, pamoja na ule uzi. Kisha ikaja sauti yake, na mamako akasogea kusikiliza. "Mama Rukia, haijaibiwa hiyo. Mwizi hafungi waya na uzi. Fundi Baba Rukia alikuwa aniletee hiyo mashine, feni ilikuwa inapiga kelele. Alinipigia akasema anakuja kesho, halafu kesho yake ndiyo tukapata habari. Na akiniletea hiyo mashine, lazima awe ametoa hiyo diski kwanza. Kila saa. Nilimuuliza siku moja mbona anajisumbua hivyo na sisi ni marafiki. Akaniambia hizo ni nyuso za watu, si zake na si zangu. Iko hapo kwa nyumba. Itafute."

Hukuniambia kamwe. Unaitoa, unaipeleka mashine Changamwe, unairudisha, unairudishia diski mahali pake, na mimi naketi kufanya kazi bila habari. Mamako alivuta leso akajifunika uso. Sikumgusa. Baadaye alisema tu, "Nalimzaa mtu."

Tukatafuta. Sanduku lako la vyombo, nikalimwaga lote. Chini ya godoro, juu ya friji, nyuma ya mtungi. Mamako akakumbuka kwamba nguo zako tumeshazitoa sadaka, na tukatazamana, tukiwaza mfuko wa koti unaotembea sasa mjini na mtu tusiyemjua. Nilimwambia basi, nimeshindwa. Akasimama katikati ya chumba cha kulala, anageuka polepole, na macho yake yakaenda juu ya kabati.

"Na kile?" akasema.

Ni kisanduku changu cha udi. Siku uliyokufa alikifunga yeye mwenyewe kwa leso, mafundo mawili, akakipandisha juu, kwa kuwa mwenye eda hajifukizi wala hajipaki. Hakukifungua, alifunga tu kilivyokuwa. Na mimi nilikuwa sijakitazama tangu siku ile, kwa kuogopa kukitamani. Kila siku ya ndoa yetu nilikifungua kabla ya Magharibi, nikatoa udi, nikaweka chetezoni, nikafukiza mito na kanzu yako na nywele zangu. Ndani ya nyumba hii hapakuwa na mahali ambapo mkono wa mwanamume mwingine haufiki na wangu haukosi, ila hapo.

Mamako alikishusha. Akaniambia, "Simama mbali, mwanangu, usiguse," akafungua mafundo, akafunua.

Ilikuwamo, kati ya chupa ya mafuta ya waridi na paketi ya udi, imefungwa kwa kitambaa chako cha mkononi. Harufu ikatoka yote kwa pamoja na kuenea chumbani, harufu ya jioni zetu, na hapakuwa na mtu wa kuizuia.

Nilikulilia hapo kama sijakulilia siku ya mazishi. Siku ya mazishi kulikuwa na watu, na nilikuwa sijaelewa. Pale nilielewa. Uliiweka mahali nitakapofungua kesho jioni, kama utakuwa hujairudisha bado. Hukuacha neno, kwa sababu hukuona haja ya neno. Ulikuwa na hakika kwamba kesho nitajifukiza, yaani kesho utakuwepo.

Diski nimeirudisha mwenyewe. Mutua alieleza kwa sauti, mamako akashika tochi, mimi nikachomeka waya. Harusi zote zikarudi mahali pake. Nikaimaliza ya Zuhura, nikamwita Bi Maimuna na mwanawe, tukafunga madirisha, tukaitazama wanawake watupu. Nikamwonyesha Bi Maimuna kitambaa chako na nikamweleza kilikotoka. Alikishika muda mrefu. Kisha akaomba chai, akainywa yote. Zuhura ameshasafiri, salama, na video yake anayo. Mamako amemtumia Mutua salamu kwa mkewe, na ameniuliza kama mkewe apenda halua.

Mimi bado nimo. Siku zilizobaki si nyingi kama zilizopita. Mwanzo nilikuwa nazihesabu kwa hamu, nimeuchoka ukuta huu, nimeuchoka mlango. Sasa nakwambia jambo ambalo hata mamako sijamwambia. Siku ikifika watakuja wanawake, wataniogesha, watanivisha nguo mpya, watanifukiza, watanitoa nje kwenye jua. Na nitakuwa nimetoka. Humu ndani mimi bado ni mkeo, kila kitu nisichokifanya sikifanyi kwa ajili yako. Huko nje nitakuwa mtu ambaye mumewe alikufa, amejifukiza udi, na hapana atakayeingia mlangoni jioni akasema nyumba inanukia.

Kwa hiyo naaga mapema, kabla hawajaja. Nakuahidi kazi nitaiendeleza na nyuso za watu sitazipoteza. Nakuahidi Rukia atakujua. Na hii ya mwisho ndiyo ngumu, naiandika upesi nisije nikaifuta: mlango utakapofunguliwa, nitatoka.

Mkeo,
Mama Rukia